Mpiga picha asiyeona bamvu: kisa cha ramani ya mikoko kaskazini mwa Dar es Salaam

Miezi mitano baada ya kupanda, ramani yetu ya mtandaoni ilionyesha kijani. Ukiifungua kwenye simu na kuburuta ule mstari wa kulinganisha picha mbili, kushoto uliona tope tupu la kahawia, kulia tope lile lile likiwa limeanza kupata rangi ya majani. Tuliituma kwenye makundi ya WhatsApp, tukaiweka kwenye taarifa ya mfadhili, na kila aliyeniuliza kazi inaendaje nilimpa kiungo aangalie mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo mama mmoja anayeokota chaza na kombe katika mkono ule wa bahari alimwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba miche imekufa karibu yote.

Ramani haikuwa imechezewa, na mama hakuwa na sababu ya kusema uongo. Naandika kisa hiki ili kueleza jinsi mambo hayo mawili yalivyoweza kuwa kweli kwa pamoja, maana najua vipo vikundi vingine vya pwani vinavyotengeneza ramani kama yetu, na kosa tulilolifanya ni rahisi sana kulirudia.

Mahali na mpango

Mahali penyewe ni mkono mdogo wa bahari kaskazini mwa Kunduchi. Jina la mtaa sitalitaja, na sababu itaonekana huko mbele. Upande wa bahari kuna tope pana linalobaki wazi maji yakipwa. Nyuma yake umebaki ukanda mwembamba wa mikoko: mililana michache ukingoni, mikoko yenyewe kandokando ya kijito, kisha mikandaa na michu kuelekea nchi kavu. Nyuma ya ukanda huo kuna majaruba ya chumvi yaliyoachwa miaka mingi, matuta yake bado yamesimama. Wazee wanasema zamani yote hiyo ilikuwa kapa la mikoko. Ikakatwa boriti, ikakatwa kuni za kuchomea chokaa, kisha yakaja majaruba yakamaliza sehemu kubwa iliyobaki.

Kikundi chetu kilipata ruzuku ndogo ya kupanda. Tulichagua mkoko, na tulichagua tope la mbele. Chaguo zote mbili zilikuwa na sababu ambazo wakati ule hatukuzitazama vizuri. Mkoko una mbegu ndefu inayoota ikiwa bado mtini. Unaiokota, unaichomeka kwenye tope kama kalamu, umemaliza. Mchu na mlilana hazikubali urahisi huo. Na tope la mbele tulilipenda kwa sababu halina mwenyewe. Majaruba yana mwenyewe, nchi kavu ina wenyewe, lakini lile tope kila mtu alituruhusu kwa moyo mmoja. Leo nikisikia kikundi kimepewa eneo la kurejesha mikoko bila ubishi wa mtu yeyote, swali langu la kwanza ni kwa nini hakuna aliyebisha.

Ramani ya kwanza

Dar es Salaam ina vijana wengi wanaojua ramani. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulipowatembeza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani wakichora nyumba, mitaro na maeneo ya mafuriko pamoja na wakazi, na kuingiza kila kitu kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa wote na inayochorwa na watu wa kujitolea, ujuzi huo umesambaa. Nasi tulipata wawili wenye ujuzi huo. Tulipanga data kwenye QGIS, programu ya bure ya kutengeneza ramani, kisha tukaitoa kama ukurasa wa wavuti kwa kutumia Leaflet, maktaba ndogo ya msimbo iliyotolewa mwaka 2011 ambayo inafunguka hata kwenye simu ya bei nafuu. Hilo la wepesi si dogo. Ramani inayokula bando nusu ya siku haitafunguliwa na mvuvi hata mara moja.

Ilikuwa na matabaka manne. Chini kabisa mitaa na vijito kutoka OpenStreetMap. Juu yake picha za setilaiti za zamani za Landsat, ambazo zimekuwa bure kwa watu wote tangu 2008 na zinaturudisha nyuma miaka mingi, ingawa pikseli yake, yaani nukta ndogo kabisa ya picha, ina upana wa mita 30 na mkono wetu wote wa bahari unaingia kwenye pikseli za kuhesabika. Kisha picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zenye pikseli ya mita 10 na zinazopita kila baada ya siku tano hivi. Na juu ya yote, maeneo tuliyopanda, tuliyoyachora kwa kuzunguka na simu.

Kwa kupima maendeleo tulitumia kipimo cha ukijani ambacho karibu kila mtu hukitumia. Jani hai linafyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Setilaiti inaona yote mawili, hivyo ukilinganisha kiasi chake unapata namba: ikipanda, kuna majani mengi zaidi. Tuliipaka rangi namba hiyo, kahawia kwenda kijani, tukaweka mstari wa kuburuta katikati. Mtu akigusa eneo, linafunguka dirisha dogo lenye tarehe ya kupanda na idadi ya miche. Ilikuwa ramani ya kupendeza, na bado naamini umbo lake lilikuwa sahihi. Kasoro ilikuwa kwamba kila nukta ndani yake ilisema tulichofanya sisi, na hapakuwa na hata moja iliyosema bahari ilifanya nini baada yetu.

Kijani kilikuwa nini

Baada ya maneno ya yule mama tulikwenda naye, maji yakiwa yamepwa. Miche ilikuwa imesimama vijiti, mingi imegandwa na vile vidude vidogo vyenye magamba makali vinavyoshika pia kwenye ngalawa, mingine imeng'olewa na mawimbi. Chini yake, tope lote lilikuwa limefunikwa utando wa mwani mbichi.

Huo ndio uliokuwa kijani chetu. Mwani nao una ukijani, nao unafyonza mwanga mwekundu. Kwa setilaiti iliyo juu kilomita 786, mita mia za mraba za mwani na mita mia za mraba za miche ya mkoko hazina tofauti kubwa. Zaidi ya hapo, mche wa miezi mitano wenye majani manne hauwezi kabisa kuonekana ndani ya pikseli ya mita kumi kwa kumi. Hata kama yote ingekuwa hai, ramani isingeiona. Tulikuwa tumeweka kipimo ambacho kisingeweza kutuambia "imefaulu" wala "imekufa", nasi tukakisoma kama kimesema "imefaulu".

Ramani kubwa za dunia nazo zisingetuokoa. Global Mangrove Watch, inayotumia picha za rada za setilaiti za Japani na kurudi nyuma hadi 1996, ni chombo bora kwa delta kama ya Rufiji, na rada ina faida ya kupenya mawingu. Lakini inahesabu msitu uliokwisha kuwa msitu. Miche yetu haikuwa msitu bado.

Kwa hiyo tulijua kwamba miche imekufa na kwamba kijani ni mwani. Hatukujua kwa nini imekufa. Jibu hilo lilikuja kwa njia nisiyoitegemea.

Swali la mzee wa madema

Tulichapisha ramani kwenye bango la turubai katika steshenari moja ya Tegeta, tukaitandika chini ya mwembe karibu na wanapopaki vyombo, tukawaita watu waisome nasi. Tulileta kalamu za rangi ili kila mtu achore anachokijua. Kwanza walikaa kimya, kama watu wanavyokaa mbele ya kitu cha serikali. Kisha mzee mmoja anayetega madema, ambaye ni kama babu wa pwani ile, akainama akaangalia zile picha mbili kwa muda.

"Mwanangu, picha hizi zilipigwa saa ngapi?"

Nilimjibu kwamba zilipigwa siku tofauti tofauti.

"Siku nimeona umeandika. Nauliza saa."

Sikujua. Nilifungua simu nikatafuta, nikakuta zote zimepigwa kati ya saa 4 na nusu na saa 5 asubuhi. Mzee akauliza kama ni kila mara. Nikasema ndiyo, kila mara. Akanyoosha mgongo, akawageukia wenzake.

"Basi huyu mpiga picha wao hajaona bamvu likijaa hata siku moja."

Wavuvi wakaguna kukubali. Mimi ilinichukua muda kuelewa alichosema, na naomba nikieleze polepole kwa sababu ndicho kiini cha kisa chote.

Setilaiti za aina hii zimewekwa kwenye njia inayozifanya zivuke kila mahali kwa saa ile ile ya jua, ili vivuli visibadilike sana kati ya picha na picha, na kabla mawingu ya mchana hayajajikusanya. Kwa Dar es Salaam saa hiyo ni hiyo ya asubuhi. Landsat hupita mapema kidogo tu. Maji ya bahari nayo yana saa zake. Hapa kwetu siku za bamvu, yaani siku za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila mvuvi anajua hilo bila kuangalia jedwali. Siku za maji mafu mambo yanageuka: saa 4 au 5 asubuhi ndipo maji yanajaa, lakini kujaa kwa mafu ni kujaa kidogo. Wakati wa bamvu tofauti ya kujaa na kupwa bandarini inapita mita 3. Wakati wa mafu ni karibu mita 1 tu.

Unganisha mambo hayo mawili. Siku za bamvu setilaiti inafika maji yamekwenda mbali. Siku za mafu inafika maji yamejaa, lakini kwa kimo cha mafu. Kwa hiyo katika picha zote za miaka yote, maji hayajawahi kuonekana yakifika pale yanapofika bamvu likijaa. Na mikoko mingi inaishi hasa katika ukanda huo: kuanzia karibu usawa wa wastani wa bahari hadi mahali pa mwisho ambapo bamvu hugusa. Nusu ya juu ya maisha ya mikoko haimo kwenye picha. Ndiyo maana pia tope la mbele lilionekana kwetu kama "ardhi". Katika picha zetu za bamvu lilikuwa wazi daima, limekauka, linangoja kupandwa. Saa sita baadaye lilikuwa na maji ya kumfika mtu shingoni, na hakuna picha iliyowahi kusema hivyo.

Bahari kama pimamaji

Tuliacha kuitegemea setilaiti kwa swali hilo, tukaitumia bahari yenyewe. Njia ni rahisi na haihitaji vifaa vya gharama. Siku ya bamvu, saa 10 jioni, watu wanatembea pale pale maji yanapoishia, simu mkononi ikirekodi njia. GPS ya simu katika anga wazi inakosea mita tatu hadi tano. Kwenye tope lenye mteremko mdogo kama letu, mita hizo tano za pembeni ni kimo kidogo sana. Mstari huo ni mstari wa usawa mmoja, kama ule anaoupata fundi kwa pimamaji. Tukarudia siku za mafu. Tukarudia katikati, maji yakiwa yanapwa, kila baada ya saa moja. Jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam likatupa kimo cha kila mstari.

Bamvu kubwa la Machi ndilo lililotupa mstari wa juu kabisa, na siku ile mtaa mzima ulitoka kutembea. Mama wa chaza ndiye aliyeongoza upande wa kijito kwa sababu anajua tope linalomeza mguu na linalobeba.

Mistari ilipowekwa kwenye ramani hapakuhitajika maelezo. Eneo lote tulilopanda lilikuwa chini ya mstari wa katikati, ule wa usawa wa wastani wa bahari. Mkoko ulikuwa unakaa chini ya maji kwa saa nyingi kuliko unavyoweza kuvumilia. Makosa ya namna hii si ya kwetu peke yetu. Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, ilipandwa mikoko mingi sana. Watafiti waliokwenda kukagua maeneo 23 na kutoa matokeo yao mwaka 2017 walikuta maeneo 9 hayana hata mche mmoja uliobaki, na sababu kubwa mojawapo ilikuwa kupanda mahali pasipofaa. Natamani ningelijua hilo kabla hatujaokota mbegu ya kwanza.

Lakini mistari ilionyesha jambo la pili, na hilo ndilo lililobadilisha kazi. Majaruba ya chumvi yaliyoachwa yalikuwa kwenye kimo kile kile cha ukanda wa mikandaa na michu iliyobaki. Kwa kimo, pale ndipo mahali pa mikoko. Kilichokosekana ni maji, kwa sababu matuta yaliyazuia. Mtaalamu wa Florida, Robin Lewis, alitumia maisha yake kufundisha kwamba ukirudisha mzunguko wa maji, mara nyingi mikoko hujipanda yenyewe. Mbegu zinakuja na mkondo bila kulipwa posho.

Kumwonyesha mwenye majaruba

Hapa ndipo niliona ramani ya kugusa kwenye simu ikifanya kazi ambayo bango peke yake lisingeifanya. Mwenye majaruba alikuwa na hofu moja, nayo ilikuwa ya haki: tukikata tuta, maji yataishia wapi? Ana kibanda na kisima nyuma.

"Msinieleze," alisema, "nionyesheni."

Tuliketi naye barazani, simu katikati. Tuliwasha mstari wa bamvu la Machi, tukauzima, tukauwasha. Alikuza picha mpaka kwenye kisima chake. Aliburuta mwenyewe. Aliuliza maswali ambayo hatukuyafikiria, kwa mfano kama mvua ya masika ikikutana na bamvu. Tukamwambia kweli kwamba mistari yetu haina mvua ndani yake, tukaahidi kutembea tena masika. Tulitembea, tukaongeza tabaka, tukarudi. Akaruhusu jaruba moja, lile la mbali na kisima. Mikoko ya Tanzania Bara ni mali ya hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo taratibu za ofisi zilifuata, na zilichukua muda wake.

Mahali pa kukata tuta tulionyeshwa na mzee wa madema. Alikumbuka kijito kilichokuwepo kabla ya chumvi, na tulipokuza picha ya karibu tukaona alama yake hafifu, rangi nzito kidogo ikipinda chini ya jaruba. Tulikata hapo, kwa majembe, upana wa mtu na mwenzake.

Nyekundu, na nukta zisizowekwa

Ramani ya sasa ina rangi nyekundu kwa miche iliyokufa. Tuliiacha ionekane mtu anapofungua tu, bila kuhitaji kubonyeza. Mfadhili hakuifurahia, fomu yake ilikuwa na nafasi ya miche iliyopandwa na haikuwa na nafasi ya miche iliyokufa. Tulikaa kwenye msimamo wetu. Eneo jekundu ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa kikundi kitakachokuja kupanda kando yetu, na kulificha ni kumtuma mwenzako akapoteze mbegu pale pale.

Kuna jambo lingine tumeamua kuliondoa kabisa. Katika kutembea tulirekodi visiki vilivyokatwa karibuni. Vijana wetu walitaka viwe tabaka la wazi, kila kisiki na tarehe yake. Tulibishana jioni nzima. Wanaokata kwa sasa ni watu wa kuni chache, wengine tunawajua majumbani kwao, na ramani ya wazi inasomwa na yeyote. Visiki vinabaki kwenye daftari la mwenyekiti wa mtaa, naye anazungumza nao mmoja mmoja. Kwa sababu hiyo hiyo sikutaja mtaa. Wapo wanaosema huo ni woga. Mimi naona watu waliotembea nasi kwenye tope hawakukubali kutembea ili majirani zao wakamatwe.

Gharama za kuitunza ramani ni ndogo ila hazikomi: jina la tovuti kila mwaka, na mtu wa kuingiza data. Wengi wa wanaotupa taarifa wana simu za kitochi, hivyo wanapiga, nami naandika nukta. Si njia ya kisasa, lakini taarifa zimeongezeka tangu tuache kuwataka wajaze fomu.

Ndani ya jaruba lililofunguliwa michu midogo imeanza kuota upande wa kijito cha zamani, na mikandaa michache. Hatukupanda hata mmoja. Kwenye picha ya setilaiti bado ni kahawia tupu, na itabaki hivyo kwa muda.

Baada ya bamvu lililopita yule mama wa chaza alinipigia saa 5 usiku, maji yakiwa yamepwa, akiwa na tochi ndani ya jaruba. Alisema kaa wamerudi, mashimo yamejaa, na akaanza kuniambia niandike kuanzia wapi hadi wapi. Hatukuwa na tabaka la kaa. Asubuhi yake tuliliongeza.